Umepoteza ufunguo wa gari? Usikimbilie Nairobi kwanza

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na najua wengine wenu mlitarajia sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo nina jambo jingine moyoni, na limenikaa tangu Julai 2023 mjomba wangu aliponipigia simu asubuhi moja ya baridi na manyunyu, baridi ile ya Nyeri ambayo hata boda boda wanavaa makoti mawili.

"Kijana, wewe si ulisomea mambo ya kompyuta?"

Nikajibu ndiyo, mjomba, nikitarajia aniambie printa imekwama.

"Basi njoo hapa Chaka. Gari langu nalo lina kompyuta na imenifungia nje."

Mjomba ananunua mayai na nyanya kwa wakulima na kuvipeleka kwenye hoteli za Nyeri na Nanyuki. Gari lake ni Toyota Fielder lililotoka Japani, na lilikuja na ufunguo mmoja tu. Alipolinunua aliuliza ufunguo wa pili uko wapi, akaambiwa "mzee, hayo magari huja hivyo." Akaishi na ufunguo huo mmoja miaka minne. Siku hiyo ulimponyoka mfukoni mahali fulani kati ya soko na steji, na hadi leo hatujui ulikoenda. Ndani ya gari mlikuwa na trei za mayai na kreti sita za nyanya zilizokuwa zimeiva vizuri sana, yaani zile ambazo kesho yake hakuna hoteli itakayozipokea.

Nilifika Chaka na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nikalizunguka gari mara mbili, nikachungulia dirishani. Huo ndio uliokuwa mchango wangu wote kwa saa ya kwanza.

Kisha nikaanza kupiga simu. Gereji moja ya Nairobi ilisema gari livutwe hadi kwao, kilomita zaidi ya 150, halafu ufunguo uagizwe, wiki tatu, shilingi 48,000 bila gharama ya kuvuta. Mtu wa pili alisema dawa ni kubadilisha kompyuta nzima ya gari pamoja na swichi ya kuwashia, akataja bei ambayo mjomba aliisikia kwenye spika ya simu akakaa chini juu ya jiwe. Mwishowe kijana mmoja wa kuosha magari pale sokoni akatuambia yuko fundi wa funguo Nyeri mjini, tumpigie. Fundi alikuja kwa boda boda na mkoba mmoja mgongoni. Kabla ya kugusa chochote alisema, "Mzee, nionyeshe kitambulisho na logibuku." Mjomba alikasirika kidogo, mimi nikafurahi, na nitaeleza kwa nini. Logibuku ilikuwa nyumbani, tukatumiwa picha yake kwa simu. Fundi alifungua mlango kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kusubiri picha hiyo, akasoma meno ya kufuli kwa kifaa chembamba, akachonga ufunguo kwa mashine ndogo inayotumia betri, akachomeka kidude chake chini ya usukani, tukasubiri kama robo saa, gari likawaka. Shilingi 14,000 kwa M-Pesa, ufunguo mmoja. Nyanya zilifika Nanyuki jioni hiyo.

Tofauti kati ya 14,000 na 48,000 ndiyo inayonifanya niandike. Nimesikia watu wakisema bei kubwa ni ya usalama, kwamba ukilipa kidogo umeenda kwa mwizi. Mimi sikubali.

Tuanze na kilichomo ndani ya ufunguo, maana wengi wetu tunachanganya vitu vitatu kuwa kimoja. Cha kwanza ni chuma. Chuma kinafungua mlango na kuzungusha swichi, na kukichonga ni kazi ya dakika chache. Cha pili ni rimoti, yaani vitufe vya kufunga na kufungua milango kwa mbali. Hii ni redio ndogo yenye betri yake. Magari ya soko la Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahazi 433, yale ya Japani na Marekani hukaa karibu na 315, ndiyo maana rimoti uliyonunua kwa sababu tu inafanana na yako inaweza isisikilizwe kabisa na gari. Cha tatu ni chipu ya imobilaiza, na hii haina uhusiano wowote na betri wala vitufe.

Chipu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Inakaa ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo. Kuzunguka tundu la swichi ya gari kuna koili, na unapozungusha ufunguo koili inatoa mawimbi ya masafa ya chini, karibu kilohazi 125, ambayo yanaipa chipu umeme wa kutosha kuamka na kuzungumza. Kwenye mifumo ya zamani kabisa chipu ilitaja tu namba yake. Kwenye ile iliyofuata, gari linatuma swali, yaani namba ya kubahatisha, na chipu inalifanyia hesabu kwa kutumia siri iliyomo ndani yake na kurudisha jibu. Gari nalo limefanya hesabu ileile. Majibu yakilingana, petroli na cheche zinaruhusiwa. Yasipolingana, stata itazunguka au itanyamaza kulingana na gari, lakini injini haitashika. Wale mnaoandika programu mnaijua mbinu hii, ni ileile ya kuthibitisha mtu bila yeye kulitamka nenosiri lake hewani.

Kwa hiyo ufunguo wa mjomba ulikuwa nenosiri lililofungwa kwenye plastiki. Kilichopotea Chaka kilikuwa nakala pekee ya nenosiri, bila bakapu. Mimi ambaye huwahubiria wateja kila wiki juu ya bakapu nilikuwa nimepanda gari hilo mara nyingi bila kuuliza ufunguo wa pili uko wapi. Aibu ndogo, lakini nimeikubali.

Sasa, gari lenyewe linaweka orodha ya chipu linazozikubali. Fundi akiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni jambo jepesi, na kwa Toyota nyingi za zamani ulihitaji tu ufunguo mkuu na mfululizo wa kufungua mlango na kuingiza funguo kwa mpangilio fulani, bila kifaa chochote. Ufunguo wa mwisho ukipotea, hakuna wa kumdhamini mgeni. Inabidi kifaa kiingie kwenye kompyuta ya gari na kufuta orodha yote ndipo ianzwe upya, au kwa magari mengine fundi afungue kompyuta hiyo na kusoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja. Hapo ndipo bei inapopanda mara mbili au tatu, na hapo kuna kazi halisi ya kulipwa. Sina ugomvi na bei hiyo.

Ugomvi wangu ni na bei ya usiri. Kwa miaka mingi waliotengeneza mifumo hii walificha jinsi hesabu ile inavyofanyika, na maelezo yao yalikuwa kwamba mwizi asijue. Tangu 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mtambo, utegemee ufunguo peke yake. Kila mwanafunzi wa usalama wa kompyuta hufundishwa hivyo. Watengenezaji wa imobilaiza nao walisoma, nadhani, lakini wakaamua vingine, na matokeo yake yameandikwa wazi.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kwamba chipu ya Texas Instruments iliyotumika kwenye magari mengi, zikiwemo Ford, ilikuwa na siri ya biti 40 tu. Hiyo ni namba kama trilioni 1.1, ambayo kwa mtu wa kawaida ni nyingi na kwa mashine si kitu. Waliunganisha vifaa 16 vifanye kazi sambamba wakavunja siri za chipu tano kwa chini ya saa mbili. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama kuu ya Uingereza kuzuia watafiti wa Birmingham na Nijmegen wasichapishe udhaifu wa chipu inayoitwa Megamos. Karatasi hiyo ilikuja kutoka 2015, baada ya miaka miwili, ikiwa imeondolewa sentensi moja. Mwaka 2020 watafiti wa Leuven na Birmingham walitazama kizazi kilichofuata cha Texas Instruments, chenye biti 80, ambacho chenyewe kingetosha. Wakakuta kwamba Toyota ilitengeneza siri kutokana na namba ya chipu, namba ambayo chipu huitangaza kwa yeyote anayeuliza, na kwamba kwenye Kia na Hyundai siri ilikuwa na biti 24 tu za kubahatisha. Yaani kufuli nzuri, halafu ufunguo umewekwa chini ya zulia la mlangoni.

Angalia mtiririko huo. Usiri haukumzuia mtafiti, na wala haukuwazuia wale wanaouza vifaa vya mafundi, maana leo kampuni za Kichina kama Xhorse na Autel huuza mashine zinazofanya kazi hii, na chipu moja tupu inaweza kuandikwa iige aina nyingi tofauti. Mtu mmoja tu ndiye aliyezuiliwa na usiri kwa muda wote huo. Ni mjomba wangu, na kila mwenye gari mwenye risiti mkononi ambaye hakuweza kuuliza siri ya mali yake mwenyewe bila kulipa bei ya aliyeishika.

Najua jibu linalokuja. Rafiki yangu mmoja anayeuza bima aliniambia, "Sasa unataka kila kijana pale steji awe na mashine ya kutengeneza ufunguo wa gari langu?" Ni swali la haki. Magari huibwa, Mlima Kenya kote tunajua watu walioamka wakakuta uwanja mtupu. Lakini mwizi aliyejipanga tayari anayo mashine hiyo, au anaiba kwa njia nyingine. Kwa magari ya ufunguo janja, yale ya kubonyeza kitufe, watafiti wa Zurich walionyesha tangu 2011 kwamba unaweza kurefusha mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba hadi kwenye gari lililo nje, na magari yote 10 waliyoyajaribu yalikubali. Hapo hakuna aliyenakili ufunguo wowote.

Kinachohitajika ni kujua fundi ni nani. Marekani kuna chombo cha sekta kiitwacho NASTF ambacho huandikisha mafundi wa funguo waliochunguzwa, na mafundi hao ndio hupewa namba za siri za magari kutoka kwa watengenezaji, kila ombi likiandikwa. Fundi wa kijijini anafanya kazi sawa na wakala, na kumbukumbu inabaki. Sisi tuna NITA, ambayo tayari inawatahini mafundi wa kila aina na kuwapa vyeti vya daraja. Mtihani wa fundi wa funguo za kisasa, daftari la lazima lenye namba ya kitambulisho, namba ya gari na tarehe, na daftari hilo likaguliwe. Si jambo kubwa. Mfumo wa daftari hilo naweza kuuandika mwenyewe wikendi mbili, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale barabara ya Mweiga wangeuandika moja wakanicheka. Na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua. Mimi si wakili, lakini sioni vipi unafaidi kikamilifu gari usiloweza kuliwasha.

Ndiyo maana nilifurahi fundi alipoomba logibuku. Fundi asiyeiomba, mwogope, hata akiwa na bei nzuri. Atakayekutengenezea bila kuuliza atamtengenezea na yule mwingine bila kuuliza.

Haya, sasa mambo ya mkononi, kwa sababu baada ya kisa cha mjomba nimeulizwa na watu wengi, na nimeshinda saa kadhaa kwenye kibanda cha yule fundi nikimtazama (aliniruhusu kwa sharti la kununua chai).

Kabla ya yote, hakikisha umepoteza kweli kitu ulichofikiri kimeharibika. Wengi wanaokuja kwake wakisema "ufunguo umekufa" wana betri iliyoisha. Betri hizo za duara zina namba iliyoandikwa mgongoni, na namba ina maana: CR2032 ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ni upana uleule na unene wa 1.6. Zote ni volti 3, kwa hiyo mtu huweka nyembamba badala ya nene, inagusa leo, kesho inalegea, anarudi kusema rimoti ni mbovu. Kama gari ni la kubonyeza kitufe na betri imeisha, ndani ya ufunguo huo janja kuna chuma kidogo cha kufungulia mlango, chomoa. Kisha kwa Toyota na magari mengine mengi gusisha kichwa cha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Chipu iliyomo haihitaji betri, kama nilivyoeleza. Wapo watu walioitisha gari la kuvuta kwa kukosa kujua jambo hili.

La pili, kasha. Plastiki ya ufunguo huvunjika, na kasha jipya tupu ni bei ndogo sana. Unahamisha sakiti ya rimoti, unahamisha betri, unafurahi, unatupa kasha la zamani, na gari halishiki. Kwa nini? Chipu ilikuwa imegandishwa na gundi kwenye kona ya lile kasha ulilotupa, nyeusi, inafanana na kipande cha makaa. Fundi aliniambia amewahi kumpeleka mteja kwenye jalala la plotini kwake kulitafuta. Walilipata.

La tatu, ujue kama gari lako lina chipu hata kidogo. Magari mengi ya bei nafuu yaliyouzwa ndani ya Japani hayakuwekewa imobilaiza, na sisi tunayaagiza kwa maelfu yakiwa yametumika, hadi umri wa miaka minane unaoruhusiwa. Kama lako halina, unachohitaji ni chuma kuchongwa na huna haja ya kulipia "kuprogramu" ambako hakutafanyika. Muulize fundi alipime ufunguo wako mbele yako. Kifaa chake kinaonyesha aina ya chipu au kinasema hakuna.

Na hapa niongeze jambo ambalo linanikera. Kuna mafundi ambao ufunguo ukipotea hawatengenezi ufunguo, wanaua imobilaiza. Wanaizima kwenye kompyuta ya gari, au wanaficha chipu moja karibu na koili chini ya usukani ili gari lidhani ufunguo uko pale daima. Gari linawaka kwa chuma chochote kilichochongwa vizuri. Bei inakuwa tamu, na mteja haambiwi. Matokeo ya gari lisilo na imobilaiza yalionekana Marekani kuanzia 2021 na 2022, vijana walipogundua kwamba Kia na Hyundai nyingi za kati ya 2011 na 2021 za kuwashwa kwa ufunguo hazikuwekewa chipu, wakawa wanaondoa plastiki ya usukani na kuzungusha swichi kwa kichwa cha waya wa USB. Video zikasambaa, magari yakaisha barabarani. Kwa hiyo ninapotetea bei nafuu, sitetei hii. Mwambie fundi wazi: nataka chipu mpya iandikishwe, sitaki imobilaiza izimwe.

Baada ya kuandikisha, mwambie akuonyeshe kwenye kifaa gari linakubali funguo ngapi. Magari mengi huitaja namba hiyo. Kama una funguo mbili mkononi na gari linasema tatu, moja iko kwa mtu. Fundi anaweza kufuta zote na kuandikisha zile tu ulizoshika. Ufunguo uliofutwa bado utafungua mlango kwa chuma chake, lakini hautawasha injini. Jambo hili ni la lazima kwa aliyenunua gari mkononi mwa mtu, na sijui kwa nini hatulifanyi siku ileile tunapohamisha umiliki. Tunabadilisha nenosiri la Wi-Fi mpangaji akihama, gari la laki nane tunachukua na ufunguo mmoja na kusema asante.

Kama ufunguo umeibwa badala ya kupotea, hasa pamoja na mkoba wenye anwani yako, pitia polisi uchukue abstrakti kwanza. Inachosha, foleni najua, ila bima ikija kuuliza baadaye utakuwa na karatasi.

Kuhusu rimoti za kuagiza mtandaoni, nitakuwa mfupi. Linganisha masafa, linganisha namba iliyo kwenye sakiti na si sura ya plastiki, na muulize fundi kabla ya kulipa. Ufunguo janja uliotumika kwenye gari jingine mara nyingi hukataa kuandikishwa tena hadi ufunguliwe kwa kifaa maalumu, kwa hiyo ule wa bei poa uliouona kwenye meza ya spea unaweza kuwa jiwe. Nilinunua moja kwa ajili ya jirani. Sasa naufungia nao milango ya hewa.

Nimerudi kwa hesabu ya mjomba kwa sababu ndiyo iliyonishawishi kuliko hoja zangu zote. Siku ileile, fundi alipomaliza, alisema ufunguo wa pili, kwa kuwa sasa wa kwanza upo, ungekuwa 4,500. Mjomba akasema hapana, siku imeshaharibika, hela imeisha. Nikamwambia mjomba, hii 14,000 umelipa kwa sababu miaka minne iliyopita hukutoa 4,500. Akanitazama vile wazee wa kwetu hutazama kijana aliyesema kweli mbele ya watu, akanyamaza, akaingia garini akaondoka na nyanya zake.

Wiki mbili baadaye nilimkuta fundi mjini akaniambia mzee alipita peke yake, akatengeneza funguo mbili, na akamwomba asiniambie. Mmoja uko na shangazi nyumbani, na mwingine nimegundua juzi uko kwenye droo yangu, ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa kalamu, "BAKAPU."